Dari ya boriti inaposhuka: kutafuta chanzo na kuimarisha nyumba za mawe za pwani

Mwenye nyumba akiniita kwa sababu dari yake inashuka, iwe Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, hunionyesha boriti moja iliyovunjika na kuuliza gharama ya kuibadilisha. Mimi huomba kwanza nipande ghorofa ya juu. Nataka kuona kilichokaa juu ya boriti hiyo: bafu, tangi la maji, vigae vipya, au bomba la paa linalomwaga ukutani. Boriti nzuri ya mkoko iliyobaki kavu hukaa vizazi. Ikivunjika, kuna maji yaliyoingia au mzigo ulioongezwa, na mara nyingi vyote viwili. Ukibadilisha boriti ukayaacha maji, baada ya masika chache utaniita tena.

Kwanza: je, chumba hiki kinafaa kukaliwa leo?

Kabla ya kutafuta chanzo, angalia mambo haya. Boriti imekatika kabisa na kuning'inia. Kichwa cha boriti kimechomoka ukutani. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri wiki iliyopita sasa unakwama. Ufa umeongezeka ndani ya siku chache. Usiku inasikika milio ya kitu kinachokatika darini. Ukiona hata moja, watu watoke chumba hicho, cha juu yake na cha chini yake, kisha aitwe mhandisi au fundi aliyewahi kufanya kazi za nyumba za mawe. Sehemu ya Beit-al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 huku ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Nyumba ya zamani huwa hatarini zaidi wakati wa kutengenezwa, kwa sababu tunaigusa mahali ilipokuwa imejishikilia kwa shida.

Mzigo uliopo juu ya kichwa chako

Fundi wengi, hata wazuri, hawajawahi kukaa chini wakahesabu uzito wa sakafu ya chokaa. Tuhesabu, kwa sababu kila uamuzi unaofuata unategemea hesabu hii.

Chumba cha nyumba ya mawe kina upana wa mita 2.5 hadi 2.8 hivi, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi ambayo boriti ya mkoko huweza kuivuka bila kupinda. Ndiyo maana hata magofu ya Gedi yana vyumba virefu na vyembamba, na nyumba za kale za Oman zilizojengwa kwa boriti zilizopelekwa na majahazi kutoka Lamu na Rufiji zina umbo hilohilo. Juu ya boriti kuna mawe bapa ya matumbawe, na juu yake tabaka la chokaa, mchanga na kokoto lililopigwapigwa hadi likashikana. Unene wa yote kwa kawaida ni sentimita 20 hadi 30, na mahali pengine zaidi.

Chukua chumba cha mita 2.6 kwa 6, sakafu ya sentimita 25. Mita moja ya ujazo ya sakafu hiyo ina uzito unaokaribia tani mbili, kwa hiyo kila mita ya mraba inabeba kilo 500 hivi. Chumba kizima ni kama kilo 7,800. Boriti zikiwa zimepangwa kila sentimita 30, ziko ishirini, na kila moja ina kilo 390 kabla hujatandika hata mkeka.

Sasa ongeza saruji ya sentimita 5 na vigae juu yake. Hiyo ni kilo 125 hivi kwa kila mita ya mraba, karibu tani mbili kwa chumba kizima, kwa sababu tu tulitaka sakafu ing'ae. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nyingine, na hiyo inakaa juu ya boriti tatu au nne tu.

Kuna hesabu ya pili ambayo ni muhimu kuliko hiyo. Nguvu ya mti wa duara hupungua kwa kasi kuliko unene wake. Boriti ya sentimita 12 ikiliwa na wadudu au kuoza sentimita moja tu kuzunguka pande zote, inabaki na sentimita 10 za mti mzima. Macho yatakwambia imepungua kidogo. Kumbe imepoteza asilimia 42 ya nguvu ya kubeba na zaidi ya nusu ya ukakamavu wake, yaani uwezo wa kukataa kupinda.

Dalili: chokaa na vumbi vinadondoka kwenye mstari wa ukuta

Hii ndiyo dalili ninayoiona zaidi, na ndiyo inayopuuzwa zaidi, kwa sababu katikati ya dari panaonekana pazima. Kinachooza ni kichwa cha boriti, ile sehemu iliyoingia ndani ya ukuta.

Chukua bisibisi nyembamba. Ichomeke kwenye boriti palepale inapoingia ukutani, kutoka chini na kutoka ubavuni. Mti mzima utakataa. Bisibisi itaingia milimita moja au mbili. Ikizama kama kwenye keki, umepata ugonjwa. Kisha gonga boriti kwa kichwa cha nyundo kuanzia katikati kuelekea ukutani, ukisikiliza. Mlio mkavu ukigeuka kuwa mzito na butu, weka alama ya chaki. Kama bado huna uhakika, toboa kwa keekee nyembamba ya milimita 5 ukielekeza ukutani kwa mshazari, na utazame unga unaotoka: mkavu na wenye rangi ya mti ni heri, mweusi na unyevu ni habari mbaya. Fanya hivyo kwa kila boriti, vichwa vyote viwili, na uandike kwenye karatasi. Boriti ishirini zina vichwa arobaini. Ni kazi ya asubuhi moja, na inaweza kukuokolea dari nzima.

Mti hauozi ukiwa mkavu. Unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20, kuvu wa kuozesha hawaishi. Basi tafuta maji. Toka nje, simama usawa wa sakafu ile na uutazame ukuta. Mara nyingi utakuta moja kati ya haya: bomba la paa limepasuka au limeziba majani, mabati ya paa ni mafupi na hayavuki ukuta, bomba la choo limezikwa ukutani na linavuja, mmea umeota juu ya ukuta na mizizi yake imefungua njia. Mwarobaini na mtini vidogo vinavyoota kwenye kuta zetu huonekana vizuri kwenye picha, lakini ving'olewe vikiwa vidogo.

Halafu kuna saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa huvuta unyevu na kuutoa, kila siku, mwaka mzima. Ukiupiga plasta ya saruji nje, umeuziba pua. Maji yanayoingia kwenye nyufa za plasta hayatoki tena; yanatafuta mahali pakavu pa kuhamia, na mahali pakavu kuliko pote ndani ya ukuta ni kichwa cha boriti. Nimeona nyumba iliyopigwa plasta ya saruji ili "iwe imara," na miaka michache baadaye upande huohuo ndio vichwa vilioza vyote, huku upande uliobaki na chokaa ya zamani ukiwa salama. Bandua saruji hiyo kabla ya kutia boriti mpya, uuache ukuta ukauke msimu mzima wa kiangazi ukiweza, kisha upige chokaa.

Dalili: dari imeshuka tumbo katikati

Usiogope mara moja. Boriti ni mti wa duara kutoka msituni, na nyingine ziliwekwa zikiwa na mkunjo wake wa asili. Tena mti uliobeba mzigo mzito kwa miaka mia hupinda polepole na kubaki hivyo. Swali ni moja: je, bado inashuka?

Funga uzi kutoka ukuta hadi ukuta chini ya boriti, uuvute ukaze, upime nafasi kati ya uzi na boriti katikati. Chumba cha mita 2.6 kikionyesha milimita 9 au 10, hilo ni jambo la kawaida. Sentimita 2 au 3 kwenye nyumba ya kale zinaweza kuwa za zamani na zimetulia. Ili kujua, piga bonge dogo la jasi juu ya ufa wa dari, andika tarehe kwa kalamu, na rudi baada ya wiki nne. Jasi ikipasuka, mambo bado yanaendelea.

Ikiwa bado inashuka na vichwa ni vizima, tatizo ni mzigo. Ondoa ulichoongeza: tangi lihamie juu ya ukuta mnene au chini uani, vigae na saruji vibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kuvunjia zege isiingie kwenye nyumba hii kabisa, kwani mtikisiko wake hulegeza chokaa ya kuta vyumba vitatu mbele. Na kifusi kisirundikwe katikati ya chumba cha chini. Ghorofa nyingi zilizokuwa zimevumilia kila kitu zimeangushwa na rundo la kifusi lililosubiri mkokoteni. Kitoke kwa karai, siku hiyohiyo.

Sakafu inayocheza unapotembea ni ndugu wa dalili hii. Kama ni kona moja tu inayocheza, rudi kwenye vichwa vya boriti.

Dalili: unga mwembamba sakafuni, au njia za udongo ukutani

Unga laini chini ya vitundu vidogo ni wadudu wanaobungua mti. Wengi wao hula tabaka la nje, lile laini lililo chini ya gome, na ndiyo maana boriti iliyotiwa ukutani bila kumenywa gome huliwa kwanza. Kwangua sehemu iliyoliwa hadi ufikie mti mzima, pima unene uliobaki, rudi kwenye hesabu ya hapo juu. Kilichobaki kipakwe maji ya boraksi na asidi ya boriki, mara mbili au tatu. Dawa hii huoshwa na maji, kwa hiyo ni bure kabisa kwenye dari inayovuja. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi wanaipenda, inazuia chokaa isishike kwenye mti na inatoa madoa dari zima; mimi siitumii ndani ya nyumba.

Njia za udongo ni mchwa, na hapo usiishie darini. Kuta zetu zimejengwa kwa udongo na chokaa, na mchwa husafiri ndani yake kutoka ardhini hadi ghorofa ya pili bila kuonekana. Wafuate hadi chini. Utakuta wanapoingilia pana maji: bomba, kisima cha zamani, au uwanja unaomwaga kuelekea msingi.

Dalili: kuna mwanya kati ya sakafu na ukuta

Hapa boriti inaweza kuwa nzima kabisa. Ni ukuta unaoondoka. Shusha timazi kutoka juu ukutani kwa nje na upime kila nusu mita. Utaona kama ukuta umelala au umetoa tumbo. Kila sentimita ukuta unayoondoka ni sentimita ambayo kichwa cha boriti kimechomoka. Kikibaki na chini ya sentimita 10 ndani ya ukuta, tegemeza chumba leo.

Dawa yake ni kufunga kuta mbili zilizokabiliana kwa vyuma vinavyopita kandokando ya boriti na kutokeza nje, vikashikwa kwa bamba na nati. Viwe vya chuma kisichoshika kutu, tena cha daraja la kuhimili bahari. Upepo wa chumvi wa pwani hula chuma cha kawaida, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hupasua jiwe kutoka ndani. Na usiuvute ukuta urudi; unaufunga ubaki ulipo. Kazi hii ni ya mhandisi.

Ufa juu ya mlango, dirisha au kidaka mara nyingi ni kizingiti cha mti kilichooza ndani ya plasta. Dalili, vipimo na dawa ni zilezile, isipokuwa mzigo ni wa ukuta mzima, kwa hiyo fungua upande mmoja wa unene wa ukuta kwa wakati, tia kizingiti kipya, subiri chokaa ishike, ndipo uende upande wa pili.

Kutegemeza kabla ya kugusa

Miega, yaani nguzo za muda, ishuke hadi ardhini. Ukitegemeza dari ya ghorofa ya pili kwa kusimamisha mirunda juu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza tu, umehamishia tani zote kwenye boriti nyingine za miaka mia. Kila ghorofa iwe na miega yake, imenyooka juu ya ile ya chini, na mwisho wake ukae juu ya ubao mnene uliolazwa chini.

Laza boriti mbili au mbao nene zikikatisha boriti za dari, kila moja umbali wa sentimita 50 hadi 60 kutoka ukutani ili fundi apate nafasi ya kufanya kazi. Simamisha mwega kila mita moja. Kaza kwa kabari za mti mgumu au kwa jeki ya propu hadi uguse vizuri, kisha acha. Hatunyanyui dari. Sakafu ya chokaa ikinyanyuliwa hupasuka, na boriti iliyopinda kwa miaka mia hainyooki kwa mchana mmoja.

Kichwa kimeoza lakini katikati ni kizima

Hapa wengi huharibu kwa kung'oa boriti ambayo ingeweza kubaki. Sogeza kiegemeo badala ya kung'oa. Weka mtambaapanya, yaani boriti moja nene au ubao wa mninga au mvule unaolazwa kufuata ukuta chini ya boriti zote, ukishika sehemu yake iliyo nzima sentimita 15 au 20 kutoka ukutani. Mtambaapanya huo ubebwe na mawe yaliyochongwa na kuzamishwa ukutani, au na nguzo zinazoshuka hadi chini. Usiufunge kwa bolti za kupanuka. Kwenye ukuta wa matumbawe na udongo hazina cha kung'ata, zinatoka na bonge. Bolti ipite ukuta mzima na bamba nje.

Boriti kubwa za kuchongwa, kama zile zilizopakwa rangi nyekundu za nyumba kuu za Lamu, zinastahili kuungwa. Kata sehemu mbovu kwa mshazari, unga mti wa aina ileile kwa kupishanisha, urefu wa kiungo usipungue mara tatu ya kimo cha boriti, na ufunge kwa bolti zisizoshika kutu. Seremala wa majahazi anaijua kazi hii kuliko mtu yeyote.

Boriti ya kubadilishwa

Badilisha moja katika kila tatu, kisha rudi kwa zinazofuata chokaa ikishashika. Kata ya zamani katikati kwa msumeno na utoe vipande viwili. Boriti mpya inahitaji sentimita 20 ndani ya kila ukuta, lakini haiwezi kuingia pande zote kwa pamoja, kwa hiyo upande mmoja shimo lichimbwe sentimita 40: sukuma ndani kabisa, inua upande wa pili, rudisha nyuma. Chini ya kila kichwa weka jiwe bapa. Kuzunguka kichwa acha nafasi ya kidole kwa pande na nyuma ili hewa ipite, usikishindilie saruji. Kati ya boriti na sakafu tomea vijiwe na chokaa hadi pasibaki uwazi, la sivyo boriti mpya itakaa pale bila kubeba chochote huku majirani zake wakiumia.

Chokaa iwe ya kulowekwa, miezi mitatu angalau, sehemu moja kwa tatu za mchanga wa shambani. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu hata kiangazi.

Unapokwenda kununua mti, sema saizi kwa majina yake, maana muuzaji wa Lamu atakuelewa haraka: mazio ni kuanzia sentimita 8 hadi 11.5, boriti ni 11.5 hadi 14, nguzo ni 14 hadi 20. Chagua iliyonyooka, iliyomenywa gome, iliyokauka kivulini. Mikoko inalindwa kisheria Kenya na Tanzania, kwa hiyo dai karatasi ya kibali cha ukataji. Mikoko ileile ndiyo inayozuia bahari isiingie kwenye miji hii. Ukikosa, mkaratusi uliotiwa dawa kwa mashine unafaa, ukiuchagua usio na mipasuko mirefu vichwani. Na ruhusa ya kazi ichukuliwe kabla: Unguja kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, Lamu kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Miji hii imo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO, Mji Mkongwe tangu 2000 na Lamu tangu 2001.

Kutoa miega

Subiri wiki nne baada ya chokaa ya mwisho, zaidi kama ni masika. Kabla ya kulegeza chochote, funga tena uzi ule ule na uandike vipimo. Legeza kabari za katikati ya chumba kwanza, robo kwa robo, ukielekea kwenye kuta, kisha acha miega imesimama bila kugusa dari kwa siku mbili. Pima. Dari ikiwa imeshuka milimita mbili au tatu, imekaa tu kwenye viegemeo vyake vipya. Ikizidi hapo, kaza kabari zote tena na urudi kwenye vichwa, kimoja kimoja, na bisibisi yako.